Usione Vyaelea: Mkate wa Nyumbani wa Ireland na Dhana ya Asili

Aghalabu mtu anapotaka kuthibitisha kwamba taifa fulani lina utamaduni mkongwe, huanzia jikoni. Ireland haikuepuka mazoea hayo. Katika vitabu vya mapishi, vijitabu vya watalii na mabango ya mikahawa, mkate wa duara uliokatwa alama ya msalaba juu yake husifiwa kuwa mkate wa jadi, mkate wa mababu, mkate uliookwa mashambani tangu enzi zisizo na hesabu. Sifa hizo ni tamu masikioni. Hata hivyo, zina kasoro mbili. Kwanza, hazisemi kweli kuhusu umri wa mkate wenyewe. Pili, na hili ndilo zito zaidi, zinaufanya mkate uonekane kama kitu kilichoota chenyewe ardhini, ilhali ulitokana na kazi na akili ya wanawake wa mashambani waliokuwa na vichache mno mikononi mwao. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba thamani ya mila haipimwi kwa idadi ya karne ilizoishi, bali kwa maarifa yaliyomo ndani yake na kwa watu walioyabeba maarifa hayo. Mkate wa nyumbani wa Ireland ni mfano mwafaka wa jambo hili, na una funzo kwa kila anayejishughulisha na fasihi simulizi.

Kabla ya magadi

Kwamba Waairishi walikula mkate tangu kale ni jambo lisilo na ubishi. Lakini mkate huo haukuwa huu unaosifiwa leo. Ireland ni nchi ya mvua na mawingu, na nafaka zilizostawi humo kwa urahisi zaidi zilikuwa oti na shayiri. Ngano ilikuwepo, ila ilihusishwa na wenye nafasi. Hata maandishi ya kale ya sheria za nchi hiyo yaliiweka juu ya nafaka nyingine kwa hadhi. Mtu wa kawaida alikula mkate bapa wa oti, ambao kwa Kiairishi huitwa arán coirce. Ulipikwa juu ya kikaango bapa cha chuma, mfano wa kile cha kupikia chapati, kisha ukaegemezwa mbele ya moto ili ukauke taratibu. Mkate wa namna hiyo uliweza kuhifadhiwa siku nyingi bila kuharibika.

Baadaye vilikuja viazi. Zao hili lenye asili ya Amerika ya Kusini lilifika Ireland mwishoni mwa karne ya 16, na kadiri mashamba ya wapangaji yalivyozidi kugawanywa vipande vidogo vidogo, ndivyo lilivyozidi kuwa tegemeo la maskini. Kufikia miaka ya 1840, takriban watu milioni tatu walitegemea viazi kwa karibu chakula chao chote. Katika nyumba za watu hao, mkate ulikuwa chakula cha nadra.

Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ulivamia mashamba ya viazi, na Njaa Kuu iliyofuata iliendelea hadi mwaka 1852. Watu wapatao milioni moja walifariki, na zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Nchi iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni nane mwaka 1841 ilibakiwa na takriban milioni sita na nusu mwaka 1851. Serikali ya Uingereza, chini ya Waziri Mkuu Robert Peel, iliagiza mahindi kutoka Marekani. Msomaji aliyelelewa kwa ugali huenda akastaajabu kusikia kwamba unga huo wa manjano ulichukiwa na wengi waliopewa. Si kwamba mahindi ni chakula kibaya. Yalifika yakiwa makavu na magumu, vinu vya kuyasaga vilikuwa haba, na watu waliyapokea bila maarifa ya kuyapika. Wengi waliumwa matumbo. Hapa pana jambo la kuzingatia: chakula kinachofika bila maarifa yake ni nusu ya chakula. Miaka ilipopita na mikono ikazoea, unga huo huo ulichanganywa na unga wa ngano ukawa mkate wa kawaida katika nyumba nyingi za mashambani.

Akili ya wasio na kitu

Ni katika kipindi hiki, na wala si katika zama za kale, ambapo mkate wa magadi ulizaliwa. Magadi yaliyosafishwa viwandani, ambayo wakemia huyaita sodiamu baikaboneti, yalianza kutumiwa katika mapishi nchini Ireland katika miaka ya 1830. Mnamo mwaka 1836 maelekezo ya kuoka mkate huo yalikuwa tayari yamechapishwa, na jarida moja la wakulima mjini London liliyanukuu kutoka gazeti la kaskazini mwa Ireland. Baada ya Njaa Kuu, unga wa ngano ulipozidi kupatikana madukani na bei yake ikashuka kwa sababu ya ngano ya Marekani, mkate huo ulienea kila pembe ya nchi. Kwa hivyo, umri wake haufiki hata karne mbili, na kiungo chake kikuu kilitoka kiwandani.

Je, ugunduzi huo unaushusha hadhi mkate huu? Wapo wanaodhani hivyo. Kwao, kitu kikishajulikana kwamba kilianza juzi au kilitoka nje, basi si cha asili tena. Mtazamo huo ni finyu. Anayeutazama mkate huu kwa makini ataona kwamba kila sehemu yake ni jibu la tatizo fulani.

Tatizo la kwanza lilikuwa unga. Ngano inayokua katika hali ya hewa yenye unyevu na ubaridi wa wastani kama ile ya Ireland huwa laini. Haina kwa wingi ile protini inayoufanya unga ushikamane na kunyumbulika. Unga wa namna hiyo hauinuki vyema kwa hamira. Kwa magadi, hata hivyo, unafaa sana, kwa kuwa mkate wa magadi hautaki kukandwa kwa nguvu. Ukikandwa mno huwa mgumu.

Tatizo la pili lilikuwa kiinuzi chenyewe. Magadi peke yake hayafanyi kazi mpaka yakutane na kitu chenye uchachu. Kitu hicho kilikuwepo kila nyumba iliyokuwa na ng'ombe, nacho ni mtindi uliobaki baada ya kusukasuka maziwa na kutoa siagi. Kwa Kiairishi huitwa bláthach. Siagi yenyewe mara nyingi haikuliwa nyumbani. Iliuzwa ili kupata kodi ya shamba, na nyingi yake kutoka kusini mwa nchi ilipitia soko kuu la siagi mjini Cork, lililoanzishwa mwaka 1770 na ambalo katika karne ya 19 lilikuwa kubwa kuliko yote duniani kabla ya kufungwa mwaka 1924. Siagi ilikwenda ng'ambo. Mtindi ulibaki kwa mwenye ng'ombe. Mama wa nyumbani aliuchukua uchachu huo wa mabaki, akaukutanisha na magadi, na hewa ya kaboni iliyotokea ikauinua mkate wa watoto wake. Hakuwa mkemia, lakini alijua kwamba mchanganyiko huo haungoji. Unga ukishaloweshwa sharti uende motoni mara moja, la sivyo hewa itatoroka na mkate utakuwa jiwe.

Tatizo la tatu lilikuwa mahali pa kuokea. Nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na tanuri. Zilikuwa na meko wazi yenye moto wa móin, yaani matofali ya udongo wa kinamasi uliojaa mimea iliyooza, yanayokatwa na kuanikwa majira ya joto ili yawe kuni za mwaka mzima. Juu ya moto huo uliinamishwa mkono wa chuma, na katika mkono huo kikaning'inizwa chungu kizito cha chuma chenye miguu mitatu na kifuniko bapa. Kusini mwa nchi chungu hicho kiliitwa bastible, jina linalohusishwa na mji wa Barnstaple nchini Uingereza. Unga uliwekwa ndani, kifuniko kikafunikwa, kisha makaa ya moto yakapaliwa juu ya kifuniko. Yeyote aliyewahi kuona mkate wa kumimina ukiokwa pwani ya Afrika Mashariki, makaa chini na makaa juu, hana haja ya maelezo zaidi. Kaskazini, katika eneo la Ulster, wengi waliendelea kutumia kikaango bapa. Mduara wa unga ulikatwa robo nne, na kila robo ikapikwa upande mmoja kisha ikageuzwa.

Maarifa yasiyokuwa na mizani

Maelekezo ya mkate huu yanatosha kuandikwa katika mistari miwili: unga, chumvi, magadi, mtindi. Lakini mistari hiyo miwili haitoshi kumfundisha mtu kuuoka. Katika nyumba nyingi hapakuwa na mizani wala saa karibu na meko. Unga ulipimwa kwa viganja, magadi kwa ncha ya vidole, na vibonge vyake vilisagwa kwenye kiganja kwa kidole gumba ili visije vikaacha madoa machungu ndani ya mkate. Kiasi cha mtindi kilitegemea unga wa siku hiyo umekunywa kiasi gani. Ukali wa moto ulijulikana kwa kusogeza mkono karibu na chungu. Mkate ulipodhaniwa kuwa umeiva, uligeuzwa na kugongwa chini kwa kidole. Ukitoa mlio wa kitu kilicho wazi ndani, umeiva. Baadaye ulifungwa kwa kitambaa ili ganda lake lilainike.

Hata alama ya msalaba ilikuwa na kazi zaidi ya moja. Iliruhusu joto kufika katikati, ikaurahisishia mkono kazi ya kuumega mkate, na papo hapo ikawa dua kwa waumini na kinga dhidi ya viumbe wa ghaibu ambao watu wa mashambani waliamini kwamba huweza kuharibu kazi ya jikoni. Anayetaka kutenganisha manufaa na imani katika alama hiyo atajisumbua bure, kwa sababu waliokuwa wakiikata hawakuzitenganisha.

Imani nyingine zilikuwa na kumbukumbu chungu ndani yake. Katika mkesha wa Mwaka Mpya, familia nyingi zilihakikisha kwamba kila mtu amekula akashiba, na palikuwa na desturi ya kuchukua mkate mkubwa na kuugonga mlangoni huku maneno ya kuifukuza njaa yakitamkwa. Usiku huo uliitwa Oíche na Coda Móire, usiku wa fungu kubwa. Kwa mtalii, hiyo ni desturi ya kupendeza. Kwa taifa lililopoteza watu milioni moja kwa njaa, desturi hiyo inasema jambo zito zaidi.

Ni muhimu pia kutoupamba mno uzee huu. Maji yalichotwa kisimani kwa ndoo. Moto haukuzimwa, usiku makaa yalifukiwa jivuni na asubuhi yakafufuliwa. Mkate uliookwa siku hiyo ulikwisha siku hiyo, kwa maana mkate wa magadi hukauka upesi, na kesho kazi ilianza upya. Mifuko ya kitambaa iliyoleta unga ilifuliwa ikashonwa mashuka na nguo za watoto. Tena, katika nyumba nyingi mkate huu haukuwa fahari. Mkate mweupe wa dukani ndio ulioheshimiwa, ndio uliowekwa mezani alipokuja mgeni kama vile padri. Leo mambo yamegeuka: mkate wa dukani ni wa kila mtu, na ule wa mtindi na magadi huuzwa kwa bei ya juu kama kitu cha kipekee.

Sifa bila haki

Wanaosifu mkate wa mama bila kutaja kazi ya mama hawasemi uongo, ila wanasema nusu ya ukweli. Nchini Ireland jambo hili lilipata hata sura ya kisheria. Katiba ya mwaka 1937, katika ibara ya 41.2, ilitambua kwamba mwanamke kwa maisha yake ya nyumbani anaipa dola msaada ambao bila huo manufaa ya umma hayawezi kufikiwa. Ni sifa kubwa. Lakini sifa hiyo haikuleta mfereji wa maji wala umeme jikoni. Mpango wa kusambaza umeme mashambani ulianza mwaka 1946 na ukachukua miongo kadhaa. Chama cha wanawake wa mashambani, kilichoanzishwa mwaka 1910 na kubadilishwa jina mwaka 1935, kilikuwa miongoni mwa waliopigania maji na umeme vifike majumbani. Wanawake wengine hawakungoja. Tangu baada ya Njaa Kuu, wasichana wa Ireland walihama kwa idadi iliyokaribia ile ya wavulana, na wengi wao waliishia kufanya kazi katika majiko ya watu wengine katika miji ya Marekani.

Mnamo tarehe 8 Machi 2024 wananchi waliulizwa iwapo ibara hiyo iondolewe na nafasi yake ichukuliwe na maneno mengine kuhusu utunzaji ndani ya familia. Karibu robo tatu ya waliopiga kura walikataa, baadhi yao wakidai kwamba maneno mapya hayakuwapa watunzaji haki ya kutosha. Mjadala huo unaonyesha kwamba suala la nani aliyeoka, na alilipwa nini kwa kuoka, si la kale hata kidogo.

Daftari za watoto

Ikiwa maarifa haya yalikaa viganjani mwa wanawake ambao wengi hawakuandika vitabu, yamejulikanaje? Mwaka 1935 Ireland iliunda Tume ya Fasihi na Mila Simulizi. Mwaka uo huo wa katiba, 1937, Tume ilianzisha mpango wa kipekee kwa ushirikiano na shule za msingi. Kati ya mwaka 1937 na 1939, watoto zaidi ya 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000 katika kaunti 26 walitumwa kwa wazazi, mabibi, mababu na majirani wao, wakaandika katika daftari yale waliyoambiwa, kwa Kiairishi na kwa Kiingereza. Hazina hiyo ina kurasa zipatazo 740,000. Imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dublin (UCD), na sasa inasomeka bure katika intaneti. Mwaka 2017 mkusanyiko wa Tume uliingizwa katika Sajili ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO.

Jambo la kusifiwa zaidi katika mpango huo ni orodha ya mambo waliyotumwa watoto kuyauliza. Hawakutumwa kuleta hekaya za mashujaa na methali peke yake. Waliuliza pia kuhusu kusukasuka maziwa, kuhusu viazi, kuhusu mhunzi wa kijiji, na kuhusu mkate. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliketi karibu na meko akamwuliza bibi: mlioka mkate gani zamani, mliusaga unga wapi, mliupikia nini? Kwa mara ya kwanza, jibu la bibi kuhusu unga lilipewa karatasi ile ile iliyopewa hadithi ya mfalme. Pamoja na jibu hilo yakahifadhiwa majina ya vyombo, vitenzi vya kazi na imani zilizoambatana nayo. Maneno ambayo yangezikwa pamoja na wasemaji wake.

Funzo kwa fasihi simulizi

Hapa ndipo mkate wa Ireland unapomgusa mwanafunzi wa Kiswahili. Fasihi simulizi katika vyuo imezoea kuainishwa kwa tanzu na vipera: hadithi, nyimbo, methali, vitendawili, maigizo. Uainishaji huo una manufaa yake, lakini aghalabu humfanya mtafiti afike kijijini akiwa tayari ameamua anachotafuta. Akina mama wanapomwambia namna ya kuchachua uji au kukausha samaki, hufunga daftari akingoja hadithi ianze. Baadaye hulalamika kwamba vijana hawaelewi methali zinazotokana na kinu, mchi, jivu na meko. Wataelewaje ilhali kazi zilizozaa methali hizo hazikuandikwa?

Wapo watakaosema kwamba mapishi ni ya somo la sayansi kimu, wala si ya fasihi. Pingamizi hilo linasahau kwamba lugha hukua kazini. Vitenzi kama kupalia, kuumua, kukanda na kupembua vilizaliwa mikononi kabla ya kuingia kamusini. Mshairi anayevitumia kwa sitiari anakopa kwa watu hao, na mkopaji mwungwana humjua mwenye mali.

Aidha, mkate huu unapaswa kupunguza ukali wa mijadala kuhusu asili. Mahindi na mihogo vilitoka Amerika, na leo hakuna anayethubutu kumwambia Mkenya kwamba ugali wa mahindi si wake. Vilevile, magadi ya kiwandani hayakuufanya mkate wa Ireland kuwa wa kigeni. Uliupata uairishi wake kwa ngano laini ya pale, mtindi wa ng'ombe wa pale, moto wa kinamasi cha pale, na mikono ya wanawake wa pale walioujaribu mara nyingi hadi ukakubali. Hivyo ndivyo neno la mkopo linavyogeuka kuwa Kiswahili, na ndivyo utanzu mgeni unavyogeuka kuwa fasihi ya wenyeji.

Kwa kuhitimisha, inafaa isisitizwe kwamba mtoto wa Ireland wa mwaka 1937 hakuwa na kinasa sauti wala shahada. Alikuwa na kalamu, daftari na bibi aliye hai. Wanafunzi wa Kiswahili wa leo wana vifaa bora zaidi, na wengi wao bado wana bibi. Vyama vya Kiswahili vyuoni vingefanya jambo la maana kama kila mwanachama, anaporudi nyumbani likizoni, angeuliza kuhusu kazi moja tu ya mikono, akaandika vyombo vyake, vitenzi vyake na imani zake kwa maneno ya mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji ruzuku. Inahitaji kufanywa mapema, kwa maana vifaa vitangoja lakini bibi hatangoja.